Kengele ya Kigango

Skolastika aliingia benki amejitanda khanga ya msiba, akaipita foleni hadi pale ilipotundikwa kengele. Benki hiyo ya ng'ambo ilinunua kanisa la kigango chao, ikalibomoa, na kengele ikaileta huku mjini iwe pambo.

"Mama, hairuhusiwi kuguswa," mlinzi alisema.

"Mume wangu tunamzika leo, mwanangu. Kwetu mtu hazikwi kabla hajagongewa kengele."

Mlinzi akatazama pembeni. Skolastika akatia mkono ndani ya kengele, akapapasa. Kile chuma cha kugongea walikuwa wamekitoa. Basi akaigonga kwa pete yake ya ndoa.

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kijiko kwenye kikombe. Kule kwenye foleni, mzee mmoja akavua kofia.