Ubao wa Saba

Bendera nyekundu ilipepea tena mbele ya ubao wa saba. Risasi ya pili, na karatasi haikuwa na tundu hata moja.

"Umepiga chini, binti!" msimamizi alipaza sauti, darubini ya mkono ikiwa machoni. "Nimeona vumbi likiruka kwenye nyasi, hata ubaoni haikufika. Pandisha!"

Binti alikuwa amelala kifudifudi, bunduki imeegemea mfuko wa mchanga. Alinyoosha mkono kwenye kigurudumu kilicho juu ya darubini ya bunduki, kile cha kupandisha na kushusha shabaha, akakigeuza. Tiki, tiki, tiki, tiki. Akasita. Akazirudisha zote nne. Mtu akichanganyikiwa, hata vidole vyake humgeuka.

Ulikuwa mtihani wa mwaka wa wakufunzi wa uwanja ule wa shabaha. Risasi kumi, mita mia sita, wawili wawili, na kila filimbi risasi moja. Anayepata chini ya nane hurudisha sare siku hiyo hiyo. Nyumbani mama yake, "mama yetu sote" kama baba alivyopenda kumwita mkewe, alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa kadi ya matibabu iliyotoka kazini hapo. Bila kadi, mwezi asingeumaliza. Hakuna aliyelitamka hilo asubuhi, ila walikunywa nalo chai.

Kwenye mkeka wa pili, ubao wa nane, alilala baba mwenyewe, mkufunzi kwa miaka ishirini na sita. Ukimuuliza habari za macho yake, atakwambia anamwona sisimizi akipiga mswaki. Lakini kabla ya filimbi ya kwanza alikuwa amemsogezea binti yake bunduki.

"Hebu niwekee mia sita, mama. Namba za siku hizi wanaziandika kwa uchoyo."

Binti aligeuza. Baba alitega sikio.

"Mbona tiki chache hivyo?"

"Jana niliiacha karibu, baba."

"Haya."

Filimbi ya tatu ilipolia, milio miwili ilitoka kama mmoja. Mbao zikashushwa handakini, zikapanda tena. Wa nane ulionyesha duara jeupe, alama ya risasi iliyofika, katikati kabisa, kwa mara ya tatu. Wa saba, bendera nyekundu.

"Imeenda wapi?" baba alinong'ona.

"Katikati, baba."

"Na yako?"

Binti aliingiza risasi nyingine. Alikwisha kukosa tatu, na kwa hesabu yoyote ile hakuwa na kazi tena.

Msimamizi alikuja akachuchumaa kati yao. Hakuwa mtu mbaya. "Binti, darubini yako imeharibika. Badilishaneni bunduki na mzee, angalau usiondoke na sifuri. Yake inalenga kama sindano."

"Hapana!" Alisema kwa ukali hadi baba akageuza shingo. "Hii nimeizoea."

"Basi inuka. Wewe umeshamaliza."

"Nitamaliza na baba."

Msimamizi alitikisa kichwa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ya nne, ya tano. Wa nane, katikati. Wa saba, nyekundu, na vumbi kwenye nyasi. Nyuma yao wakufunzi wengine waliacha kutaniana, maana aibu ya mtu mmoja ikizidi huwa ya wote. Ya sita, duara la ubao wa nane likatokea pembeni kabisa, nusura litoke nje ya karatasi. Baba alipoambiwa alifyonya tu. Binti ndiye aliyeloa jasho hadi kola. Alifuta kiganja kwenye suruali, akafuta tena.

Filimbi ya saba. Bendera nyekundu mbili, bega kwa bega.

"Nisamehe, baba," binti alisema.

"Nikusamehe nini? Hiyo nimeivuta vibaya mwenyewe." Mzee aliupapasa mkeka mpaka akaupata mkono wake. "Sikiliza. Usiifinye, ibembeleze. Vuta pumzi, iache nusu itoke, kisha ndiyo uguse. Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Basi piga kama mtoto wangu."

Alivuta pumzi. Akaiacha nusu itoke. Ya nane, duara jeupe. Ya tisa, duara jeupe. Ya kumi ilipopanda ikiwa katikati, uwanja mzima ulipiga makofi, wakamnyanyua mzee kwapani wakimwita simba. Tisa kati ya kumi! Ubao wa saba ulibaki mweupe kama ulivyotoka kiwandani.

Binti alivua koti la sare mwenyewe kabla hajaombwa, akalikunja vizuri, akalikabidhi.

Baba alimfuata akipapasa ukuta wa ofisi. Machozi yalimlenga yeye mwenyewe. "Usilie, mwanangu. Nimebakiza miezi mitano nistaafu, na kadi ya mama yako ina jina langu. Nikistaafu salama, hawamnyang'anyi tena."

"Najua, baba."

"Kinachoniuma ni wewe. Mtoto niliyemfundisha kwa mkono wangu!"

"Najua."

Binti alimketisha kwenye benchi, akabeba bunduki zote mbili kuzirudisha ghalani. Mlangoni alisimama peke yake. Akashika kigurudumu cha darubini ya baba, akakigeuza taratibu kutoka mita mia, pale alipokiweka asubuhi, hadi mia sita.

Cha kwake hakukigusa. Kilikuwa mia sita tangu alfajiri, na bunduki ile iliukosa ubao wa nane mara moja tu.