Keki ya Watu Sita

Uvumi ulisema Alhamisi kutakuwa na keki.

Roswitha Kuhlmann aliupata Jumatatu alfajiri, akiwa amepiga magoti kwenye choo cha ghorofa ya tatu, na tangu hapo ukamganda kama lami kwenye soli ya kiatu.

"Kuna mtu kamuuliza mlinzi kama visahani vipo," alisema Danuta, mfagiaji mwenzake. "Na wiki hii hakuna mwenye siku ya kuzaliwa. Nimetazama kalenda ya makarani jikoni."

Kila mtu mjini Kassel, huku Ujerumani, anajua maana yake. Anayeingia kazini huoka keki akawalisha wenzake. Anayetoka huoka keki akawalisha wenzake. Anayebaki kazi yake kutafuna. Na katika jengo lile la bima, mwaka wa pili huu hakuna karani aliyeingia. Waliotoka ni kumi na tisa. Waliobaki wamenenepa.

Jengo lenyewe lilikuwa limeota kiuno cha nyigu. Juu, ghorofa ya saba, vijana wanaoifundisha kompyuta kusoma madai ya ajali waliongezwa mshahara kila walipopiga chafya. Chini, kwenye stoo ya ndoo, wafagiaji nao walikuwa wamepandishiwa mara tatu, maana kompyuta bado haijajua kuinama nyuma ya choo. Katikati, ghorofa ya tatu, makarani walikuwa wakisagika.

Na hapo katikati ndipo alipokaa Wiebke, binti yake Roswitha, mwaka wa kumi na nne, dawati la dirishani.

Roswitha alimlea kwa wimbo mmoja: soma, mwanangu, ukae mezani, mgongo wako usije ukafanana na wangu. Wiebke akasoma, akakaa. Mama aliingia saa kumi na moja alfajiri, binti saa mbili. Hawakupata kukutana humo hata siku moja, lakini dawati lile Roswitha alilifuta mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa kikavu.

"Kapu lake la taka lina wiki tatu halina kitu," alimwambia Danuta kwa maringo. "Hata kipande cha karatasi. Nimelea mtoto msafi mie."

"Hata ganda la chungwa? Huyo si msafi, shoga, huyo malaika. Ungemleta huku atusaidie. Watu watano jengo zima, mgongo wangu umekuwa kama kiwiko."

"Wiki hii wanatuletea mtu mpya. Wewe sugua."

Jumatano jioni Roswitha alishindwa kuvumilia, akaenda kwa binti yake. Akamkuta ana unga hadi viwikoni, na bakuli la tufaha zilizokatwa pembeni.

"Keki ya nini?"

"Ya kula, Mama."

"Usinifanye mtoto, we Wiebke. Ya nani?"

"Ya watu wa kazini."

Roswitha akashika ukingo wa meza. "Wangapi?"

"Sita."

"Sita! Ghorofa ya tatu wamebaki tisa. Watatu wale nini, harufu? Mtu akifukuzwa afukuzwe kwa heshima!" Kisha akasikia alichokisema, akakaa kitako. "Mwanangu, usiipeleke. Wakuandikie barua, sawa. Wakupe mkono, sawa. Lakini keki usiwape. Asiyeaga hajaondoka."

"Mambo hayaendi hivyo, Mama."

"Basi nenda kwa bosi wako, yule Terhorst, mwambie uko tayari kwa lolote."

"Terhorst mwenyewe alileta keki mwezi wa tatu."

"Hee!"

"Tena ya dukani."

Roswitha akatikisa kichwa. Mtu mwenye cheo kile, keki ya dukani. Dunia imekwisha.

"Na wewe ukitoka hapo utaenda wapi? Juu hawakuchukui, hesabu zao huzijui. Utashika ufagio? Niliinama miaka thelathini ili na wewe uje uiname?"

Wiebke aligeukia kabati kutafuta mdalasini, na hapo hapo Roswitha akainyakua trei ya kuokea, akaisokomeza ndani ya koti, akatoka. Alitembea hadi kituo cha tramu amenyooka kama mlango. Bila trei hakuna keki, bila keki hakuna kuaga. Akalala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alhamisi alishuka stoo akipiga mluzi. Wafagiaji wake wanne walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakimsubiri mtu mpya. Jina lake ofisi haikutaja, haijawahi kutaja. Roswitha akachukua kile kipande cha boksi alichokiandika masharti ya kazi kwa mkono wake mwenyewe, anachowasomea wageni wote.

Mlango ukafunguliwa. Ilitangulia keki, imeokwa kwenye kikaango, imeungua upande mmoja. Nyuma yake Wiebke, amefunga aproni ya bluu.

"Mnisamehe kwa umbo lake," alisema. "Trei yangu imeibwa."

Danuta akapanga visahani sita. Roswitha akainua boksi karibu na uso, akasoma:

Usichanganye dawa ya choo na dawa nyingine yoyote.

Usifute meza kwa kitambaa chekundu. Chekundu ni cha choo.

Usivae pete ndani ya glavu.

Usiinue ndoo kwa mgongo.

Usisome karatasi za watu.

Usigombane na watu wa ghorofa ya tatu, hawakai sana.

Usiseme umekuja kwa muda tu. Sote tulisema hivyo.