Zamu ya Jumatano

Mkutano haukuwa umefika hata kwenye maombi ya kufungua Janeffer alipoinuka, akaomba aseme jambo kabla hajabadilisha nia. Weldon, mwenyekiti wa kikundi, akampa ruhusa.

Wiki tatu nzima alikuwa ameificha siri hiyo.

Walikuwa saba, karibu wote wakulima, waliojitolea kugeuza jaa la takataka nyuma ya soko la Kapkatet kuwa bustani ya vipepeo. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya zamu. Mwalimu wa vipepeo aliyewatembelea aliwasisitizia jambo moja tu: majani yakiliwa, yaacheni yaliwe, maana bila kiwavi hakuna kipepeo. Wote waliitikia, wengine wakaandika.

Lakini Jumanne ya zamu yake, Janeffer alikuta majani yametobolewa kama chujio, na barabara iko hapo hapo, watu wanapeleka majani chai huku wakichungulia. Wangemsemaje? Yeye, ambaye sukuma wiki yake haijawahi kuwa na tundu? Akakimbia nyumbani kuchukua pampu. Alitia dawa ya wadudu kifuniko kimoja tu, akapiga haraka haraka kama mwizi, akaenda zake.

Alhamisi, viwavi wote walikuwa chini, wamekauka. Harufu ya dawa ilifika hadi barabarani. Janeffer alishangaa kwamba kifuniko kimoja kingeweza kufanya kazi yote hiyo.

Jumatano ilikuwa zamu ya Oyoo, mzee aliyekuja zamani kutoka upande wa ziwa kuchuma chai, akabaki, na sasa riziki yake ilikuwa kupigia watu dawa mashambani. Lawama zikamwangukia yeye, na kesi yake ilichukua dakika tano. Alisema si yeye. Hakuna aliyemuuliza swali la pili, na hakuna aliyemtetea. Alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga.

Tangu hapo hakuna aliyemwita shambani tena. Mkewe, Phelis, aliacha kuja kwaya. Jana Janeffer alisikia kwamba wanafunga mizigo, kesho asubuhi wanarudi kwao. Hakupata usingizi.

"Ni mimi," akasema hatimaye. "Si Oyoo. Mimi ndio nilipiga dawa, Jumanne. Na nikanyamaza tu mkimfukuza. Mungu anisamehe."

Akangoja matusi. Hayakuja. Sally, mwenzao wa kikundi, alikuwa anahangaika na kifungo cha sweta yake. Jonah naye alikohoa, akatazama dirishani.

Kisha Weldon, kwa sauti ya chini, akasema Oyoo lazima aombwe msamaha leo hii, kabla hajaondoka, na si na Janeffer peke yake, kwa sababu kikundi kizima ndicho kilimfukuza. Mwenye kosa hawezi kutangulia kuingia kwa boma la mtu aliyemkosea. Atangulie mwingine, na Janeffer amfuate nyuma.

"Tutume mtu atakayeweza kumwangalia huyo mzee kwa macho," akasema. "Yule ambaye hajawahi kupiga dawa kwenye bustani hata siku moja, ainue mkono."

Janeffer aliinamisha kichwa, akangoja kusikia ni nani atakayetajwa. Aliposubiri mno, akainua macho. Walikuwa watu sita mle ndani, na hakuna mkono hata mmoja uliokuwa juu; mikono ya Weldon mwenyewe ilikuwa mfukoni.