Fundi Mageti Anafeli Mara ya Tano

“Samahani Mwalimu, hapo mstari wa tano haijapotea herufi?” aliuliza Fundi Mageti kutoka dawati la nyuma.

Darasa zima liligeuka kumtazama. Mwalimu naye akageuka kutazama ubao. Kwa mwandiko wake wa madaha alikuwa ameandika *vous aurie parlé*. Kweli, z ya *auriez* haikuwepo.

“Tumshukuru Mungu jamani,” alisema, akiichomeka z mahali pake. “Mtu aliyefeli mtihani huu mara nne sasa ananisahihisha mimi.”

Darasa likacheka. Fundi naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka hata anapochekwa yeye.

Somo lilikuwa lile lile la kila muhula: kitenzi cha Kifaransa *parler*, kuzungumza, katika njeo ya mambo ambayo yangalitokea lakini hayakutokea. *J'aurais parlé*, ningalizungumza. *Tu aurais parlé*, ungalizungumza. Hivyo hivyo mpaka “wao”. Mistari sita ya kitenzi cha kawaida, kisicho na ujanja wowote.

“Hii ni njeo ya watu waliokuwa na midomo wakaifunga,” Mwalimu alipenda kuwaambia, kisha akawatazama mmoja mmoja kana kwamba wote wana hatia.

Wanafunzi wa ngazi ya pili walikuwa watu wazima wanaokuja Jumamosi asubuhi. Muhula huu kulikuwa na nesi, dereva wa lori, mke wa mchungaji, na Fundi. Kila muhula wenzake walifaulu wakapanda ghorofani kwa Mkuu wa kituo, ambaye hakumwamini mtu mwingine kufundisha ngazi ya tatu. Fundi alibaki chini. Swali la kumi, *parler* kwa nafsi zote sita, lilibeba nusu ya alama, na kila mara ndilo lililomwangusha. Mtu anayechomelea geti lenye maua ya chuma kwa kukadiria na jicho tu alishindwa na mistari sita.

Karatasi yake ndiyo iliyomchelewesha Mwalimu kuliko zote. Alijifungia nayo ofisini mpaka chai ikaota utando.

“Unamwonea huruma,” Mkuu alimwambia muhula uliopita.

“Huruma ya nini? Natafuta pa kumpa alama, nakosa.”

Wiki mbili kabla ya mtihani wa tano, Mkuu alibandika tangazo. Mkuu alipenda matangazo. Ukuta wa korido ulikuwa umeshiba. Moja la zamani liliwakataza walimu kukutana na wanafunzi nje ya darasa kwa jambo lolote, hata kikombe cha chai. Hili jipya lilisema kwamba atakayefeli ngazi moja mara tano, jina lake litakatwa na asirudi tena.

“Nimeliandika kwa heshima ya yule rafiki yako wa cheche,” Mkuu alisema. “Viti ni vichache. Hatuwezi kumfugia mtu kiti.”

“Likate tu, Mkuu. Mimi mwenyewe nitakuletea rula, mstari unyooke.”

Lakini alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kwenye geti la kituo. Fundi alikuwa amechutama, anakaza bawaba iliyolegea, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

“Umeliona tangazo?”

“Nimeliona, Mwalimu. Limebandikwa upande.”

“Usinitanie. Safari hii andika vizuri. Nakuomba.”

Fundi akainua uso. “Kwani nimewahi kuandika vibaya?”

Mwalimu akatazama barabarani. “Kaziulize karatasi zako.”

“Huwa naziangalia sana zikirudi,” alisema Fundi, akalisukuma geti kidogo. Halikulia.

Siku ya mtihani ikafika. Waliandika kwa penseli, kwa amri ya Mkuu, aliyekuwa amechoshwa na karatasi zilizokatwakatwa kwa wino kama kuku wamepita. Hazikutimia dakika kumi, Fundi akasimama. Alikunja karatasi yake mara nne, akaiweka mezani, akawaaga wenzake.

“Kazi njema, wakubwa.”

“Huyo amejikatia jina mwenyewe,” dereva alinong'ona. Mke wa mchungaji akatikisa kichwa kwa masikitiko ambayo hayakuwa na masikitiko mengi ndani yake.

Mwalimu aliwasubiri watatu waliobaki wamalize, akakusanya karatasi, akafunga mlango wa ofisi. Alisahihisha ya nesi. Alisahihisha ya dereva. Alisahihisha ya mke wa mchungaji, aliyekuwa ameandika *parler* kana kwamba ni vitenzi vitatu tofauti, akampa alama za kutosha apande juu akamsumbue Mkuu.

Ya Fundi aliiacha mwisho. Alikwisha kuamua tangu wiki iliyopita: safari hii Fundi atapanda ghorofani na wenzake, na yeye atabaki chini na ubao wake. Akakunjua karatasi. Majibu ya swali la kwanza mpaka la tisa yalikuwa sahihi, kama siku zote. Akageuza ukurasa kutafuta la kumi.

Mistari sita ilikuwa mitupu. Chini yake, kwa ule mwandiko mkubwa wa mtu aliyezoea kuandika juu ya chuma, kulikuwa na maneno haya:

“Mwalimu, leo nimepaacha wazi, usihangaike tena kufuta majibu yangu na kuandika yako ya makosa kama zile mara nne, mwandiko wako ni mzuri mno, nani angeamini ni wangu? Wakishalikata jina langu sitakuwa mwanafunzi wa mtu, kwa hiyo nipo mgahawani ng'ambo ya barabara, meza ya viti viwili.”