Rejeta ya Hausigeli

Wesley aliuruka mtaro, akageuka, akatema mate ndani yake. Mabomba mawili ya maji ya moto, yaliyovikwa sponji, yalikuwa yamelala mle chini. Yalitoka kwenye boila ya nyumba kubwa, yakakata ua mzima mpaka kwenye chumba cha dereva kando ya geti, chumba alicholala yeye.

"Tema tena na utayafukia mwenyewe," alisema Absalom, fundi aliyeletwa na bosi kutoka Jeddah.

"Fundi wa mtaa wa Bani Malik," Wesley akacheka kwa pua. "Huko Jeddah kwenu hata Januari watu wanalala na AC. Utajua nini mambo ya joto?"

Absalom aliendelea kukaza nati. Hakuwa na haja na mtu wa aina hiyo, na kusema kweli waliokuwa na haja na Wesley walikuwa wachache. Wesley alidharau kila kiumbe. Alidharau walinzi kwa kuwa hawana leseni, mafundi kwa kuwa wana mikono michafu, na madam kwa kuwa tangu wanawake waruhusiwe kuendesha gari Riyadh, alikuwa akijipeleka kazini mwenyewe, usukani ameushika kama anayekamua nguo. Lakini hausigeli ndio aliowadharau mpaka basi.

Na mabomba haya yalikuwa ya hausigeli.

Bosi alimwambia waziwazi. Madam ameajiriwa, nyumba inahitaji mtu, na mtu huyo anatoka Kenya, tena Kericho, kwao Wesley kabisa. Atakaa chumba hicho hicho cha getini. Alhamisi, Wesley mwenyewe ataenda uwanja wa ndege kumchukua. Bosi aliyasema hayo akitabasamu, na Wesley akaona anachekwa.

Tangu aje, kila baridi ikianza, yeye huomba hita na kuambiwa inshallah. Alilala na koti, soksi juu ya soksi, akaamka pua imekufa ganzi. Leo, kwa ajili ya mwanamke wa kufua chupi za watu, ua umechimbwa na boila imeongezewa pampu. Na yeye atapelekwa wapi? Stoo, akalale na matairi? Hakuuliza. Kiburi chake hakikumruhusu kuuliza jambo ambalo jibu lake lingemuumiza.

"Rejeta kubwa hivyo ni ya nini?" alimsaili Absalom, akikipiga kwa kiatu kile kipasha joto cha ukutani.

"Bosi anasema kuna kitanda kikubwa kinaletwa. Amesema niweke na komeo kwa ndani."

"Kitanda kikubwa. Cha hausigeli." Wesley alitikisa kichwa. "Hii nyumba imeharibika."

Simu yake ikaita. Alikuwa mkewe, Jerioth, kutoka Kericho. Siku hizo alikuwa mchangamfu kupita kiasi, na uchangamfu wake ulimchosha mumewe.

"Baba Chebet, huko baridi iko aje? Sweta moja inatosha?"

"Kwa mtu mwenye akili, inatosha. Niache, niko na shida zangu."

Akakata simu. Mwanamke hana la kuwaza ila sweta, alimwambia Absalom, ambaye hakuwa amemwuliza kitu.

Alasiri, alipowarudisha watoto kutoka shule, alimfuata madam jikoni.

"Madam, huyo mwanamke mnayemleta. Mimi namjua."

Alidanganya bila hata kupepesa jicho. Hakujua hata jina lake.

Madam aliweka kikombe chini. "Nani amekwambia?"

"Nimejua tu. Kericho hakuna siri."

"Tulidhani utafurahi, Wesley."

"Nifurahie nini? Mvivu, mchafu, mdomo haufungi. Na mkono wake mrefu, madam. Mimi singemwachia mtoto wangu hata kwa saa moja."

Madam alimtazama. Alikuwa na sura ya mtu aliyefungua mlango wa chumba kisichomhusu.

"Una hakika? Baba Turki, bosi wako, amehangaika sana na hiyo viza."

"Madam, akiingia huyo kwa geti, mimi natoka. Chagueni."

"Haya." Alikichukua kikombe, akakikuta kimepoa, akakimwaga kwenye sinki. "Wewe ndiye unayemjua kuliko sisi sote. Halas, basi. Hatakuja."

Wesley alitoka akipiga mluzi. Kwa wiki nzima hakuwa amepiga mluzi.

Jumatano Absalom alifukia mtaro, akajaza maji kwenye mabomba, akafungua koki. Kitanda kikubwa hakikuletwa. Bosi alipita uani bila salamu, na hakutabasamu. Wesley hakujali. Chumba kilikuwa chake, na sasa kilikuwa na joto. Alipovua koti alimwambia Absalom, aliyekuwa akikusanya vyombo vyake, kwamba hausigeli ni wa kuonyeshwa mlango mapema kabla hawajazoea.

"Si umeshinda," Absalom alisema. Akabeba mkoba wake akaenda zake.

Wesley alivua soksi zote, akaegemeza nyayo kwenye rejeta. Simu ikaita. Alikuwa Jerioth, na alikuwa akilia.

"Baba Chebet, wamenikatalia."

"Nani? Umeenda wapi?"

"Niko Nairobi kwa ajenti. Sanduku nimefunga, Chebet nimemwacha kwa mama. Mimi ndiye nilimwomba madam wako asikwambie kitu, unione tu pale airport kesho." Alipenga kamasi. "Sasa ajenti anasema nirudi nyumbani, eti huko kuna mtu anayenijua kuliko wao wote. Ni nani huyo, Baba Chebet?"