Pengo Baada ya "Mimi"

Kwa nusu saa nzima mzee alikuwa ameandika neno moja tu: Mimi. Baada ya hapo palitakiwa jina lake na cheo chake. Akaacha pengo la vidole vitatu, akaruka mstari, akaamua kuanza na mengine.

Binti aliyekuja kuomba barua alikuwa ameketi mbele yake, mkoba mapajani, macho kwenye saa ya ukutani. Ofisi ya reli ilikuwa inafunga mapokezi saa sita mchana. Walitaka mtu wa kuruhusu treni kuingia na kutoka stesheni, na kila mwombaji alete barua ya mtu asiye ndugu yake, aliyemfahamu tangu utotoni. Isipofika leo, nafasi inakwenda kwa mwingine. Miaka mitatu binti alikuwa akiitafuta kazi hiyo.

"Andika taratibu tu, Mwalimu. Haraka haraka haina baraka."

"Na taratibu inakosesha watu treni."

Wakacheka. Mzee alicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, maana hakukumbuka ni lini alicheka na mtu mara ya mwisho. Ukimya wa nyumba ile ulikuwa na umri wa miaka sita, tangu mkewe afariki. Ungekuwa mtoto, ungekuwa umeshaanza shule. Aliyekuwa akibisha hodi siku hizi ni msoma mita ya maji tu, naye hakai.

Ndiyo maana mlango ulipogongwa asubuhi hiyo, alidhani wamekosea nyumba. "Shikamoo, Mwalimu!" binti alisema, na mzee akaitikia marahaba kabla hajafikiri. Kisha akamtambua: yule mtoto mwembamba wa shuleni, sasa mtu mzima. Akakimbilia koti lake la suti, lililompwaya mabegani, akalivaa juu ya shati la nyumbani. Akatoa vikombe viwili kabatini. Cha pili ilibidi akioshe kwanza, kilikuwa na vumbi.

"Unakumbuka ni wewe uliyenifundisha kusoma saa?" binti aliuliza.

"Sana. Ulikuwa unachanganya mshale mkubwa na mdogo."

"Mpaka leo nikibanwa nahesabu kwa vidole."

"Hilo siliandiki. Watakunyima kazi."

Barua ikaanza kwenda. Aliandika kwamba mtoto huyu alikuwa wa kwanza getini kila asubuhi, hata siku za mvua, viatu mkononi. Aliandika kwamba kioo cha darasa la nne kilipovunjwa, alijitaja yeye, akafagia uwanja wiki nzima, ili mwenzake aliyekivunja, aliyekuwa mgonjwa, asiadhibiwe.

Binti alichungulia karatasi. "He! Kumbe hilo ulilijua? Tulidhani hakuna mtu mzima anayejua."

"Mtu akisimama mahali pamoja miaka thelathini na moja, anaona mengi."

Saa ya ukutani ilipofika nne kamili, mzee aliinuka ghafla, akasimama wima, kisha akaketi tena. Binti alijifanya anatafuta leso mkobani.

Barua ilikuwa nzuri. Hata yeye mwenyewe aliona ni nzuri, na kila neno lilikuwa la kweli. Likabaki lile pengo la juu. Mzee aliliangalia muda mrefu. Alijua maofisini barua hupimwa kwa jina la aliyeandika, yaliyomo baadaye. Alijua pia kwamba akishalijaza, binti ataondoka, na kikombe cha pili kitarudi kabatini. Akajaza haraka, kama anayemeza dawa chungu. Akatia saini, akakunja karatasi, akampa bila kumtazama usoni.

"Haya, mwanangu. Wahi."

"Acha kwanza nisome nilivyosifiwa."

Binti akaikunjua barua. Alisoma mstari wa kwanza, tabasamu likafutika usoni. Akaurudia. Kisha akaiweka barua mezani, akachomoa karatasi nyingine nyeupe mkobani, akaisogeza mbele ya mzee pamoja na kalamu.

"Huyu Mwalimu Mkuu uliyemwandika hapa tulimzika mwaka juzi," alisema taratibu. "Mimi barua nimekuja kuiomba kwako, mpiga kengele wetu."