Mkono wa Mwalimu Anyosisye

Siku hizi kompyuta hujifunza mkono wa mwenyewe, jinsi anavyosogeza kipanya, na akifa, mkono ule hubaki humo. Kila asubuhi Tabitha aliifungua laptopu ya marehemu mumewe, mwalimu Anyosisye, akitazama kishale kikijiendea taratibu juu ya barua alizoziandika, kama alivyokuwa akikipeleka mwenyewe.

Baada ya mfumo kusasishwa, kishale kilianza kurukaruka na kutetemeka. Tabitha alibadilisha kipanya, akafuta meza, akazima na kuwasha. Wapi! Akaipeleka kwa fundi Lusajo, pale Tukuyu mjini.

Lusajo aliichunguza kwa muda mrefu.

"Mama, hii haina ubovu," alisema. "Mfumo wa zamani ulikuwa unauficha mtetemo. Huu mpya unaonyesha mkono wake ulivyokuwa."

"Mume wangu hakuwa akitetemeka."

"Alikuwa akitetemeka, mama. Miaka miwili kabla hajafariki. Kumbukumbu zinaonyesha ulianza mwezi Machi."

Tabitha alikaa kwenye benchi. Machi ile Anyosisye aliacha kummiminia chai, akaacha kumshika mkono wakienda kanisani. Naye Tabitha akamwambia mbele ya watoto kwamba uzee umemtia kiburi. Anyosisye alitia mikono mfukoni tu.

"Niutulize tena?" Lusajo aliuliza. "Ni dakika moja."

"Uache hivyo hivyo, baba."

Kwenye kioo cha laptopu, kishale kilikuwa kikihangaika kuifikia barua yenye jina lake Tabitha. Kiliikosa, kikarudi, kikajaribu tena.